Surua Isiyofika Zahanati

Garsen, Jumanne, mwezi wa tano, 1956

Na nilivyojigamba barazani! Surua si ya kuogopa, niliwaambia watu wa vijiji, ndui ndiyo inayoua. Kweli zahanatini kwangu wamekufa watu wa ndui, wa surua hakuna hata mmoja.

Leo nimekwenda kijiji cha Idsowe kuchanja watu ndui. Nikamuuliza Mama Komora mwanawe yuko wapi, naye achanjwe.

"Tumemzika, dokta. Surua."

"Mbona hukumleta?"

"Mwenye surua hatolewi nje, atapigwa na upepo. Kwani hujui?"

Najua. Mimi mwenyewe mama alinifungia ndani nilipougua. Mgonjwa wa ndui majirani humkimbiza kwangu kwa hofu ya kuambukizwa. Wa surua hufia kwao, na mimi sipati habari. Nililinganisha magonjwa mawili kwa kuangalia waliofika mlangoni kwangu tu. Hata sasa sijui ni ugonjwa gani unaoua zaidi.

Nilitaka kumwambia kwamba angeniita, ningekwenda mimi. Akanitangulia: "Nilitaka kukuita. Nikakumbuka ulisema si ya kuogopa."

Hakusema kwa hasira. Kisha akapandisha kanga begani, akanipa mkono nimchanje.