Cheti Changu Kwenye Grupu la Kazini

Jumatano usiku, Newala

Eti wananiombea! Cheti cha hospitali nilimtumia meneja peke yake, ili anipe ruhusa. Yeye akakirusha kwenye grupu la kiwanda kizima: "Tumwombee Mama Neema, mimba imetoka."

Nikampigia. Nikamwambia sheria inamkataza mwajiri kutoa taarifa za afya yangu bila ridhaa yangu.

"Mama Neema, watu wanakuombea, wewe unaniletea sheria?"

Baba Neema alikuwa shambani Mnyambe, anapulizia mikorosho dawa ya salfa. Hata kwamba nina mimba nilikuwa sijamwambia. Nilitaka arudi, ale kwanza, halafu nimwambie yote mwenyewe, taratibu.

Jioni ameingia ananuka salfa, hajavua hata mabuti.

"Kuanzia sokoni watu wananipa pole ya mtoto," akasema. "Mtoto gani?"