Pikipiki ya Chaji na Dume la Plau

Jumatatu, 5 Oktoba 2009
Nimekata sare tatu za shule. Cherehani inalia tena. Mutiso, ndugu yangu mdogo, amekuja kunisalimia mara mbili leo. Anataka kitu.

Jumanne, 6 Oktoba
Anataka tumuuze Waziri. Waziri ni dume letu la plau, nusu yake nusu yangu, tuliachiwa na baba. Anataka pikipiki ya stima, apeleke mayai Kangundo. Muuzaji wa mjini amemwambia ukichaji mara moja unaenda Kangundo, unarudi, na chaji inabaki. Mvua iko karibu. Plau ni ya madume wawili; mwenzake atavuta na nani? Na mimi? Shamba ndilo chakula changu cha mwaka. Sijakubali.

Alhamisi, 8 Oktoba
Nimeenda kuiona pikipiki. Inang'aa mno. Haingurumi, hata mbwa wa pale hakuamka. Muuzaji alimpandisha kijana mwembamba, wakateremka mpaka sokoni. Kupanda kurudi hawakutaka; muuzaji akasema leo jua ni kali. Jua linazuia pikipiki au linamzuia muuzaji, sijui. Nikaomba karatasi ya maelezo ya pikipiki. Kiingereza changu ni cha magazeti ya kufungia nyama, lakini kilitosha. Chini kabisa, kwa herufi za kupima macho: umbali huo ni kwa mtu mmoja mwepesi, barabara tambarare, mwendo wa pole, bila upepo.
Huyo mtu hakai Machakos.

Ijumaa, 9 Oktoba
Abdi, mnunuzi wa ng'ombe aliyeitwa na Mutiso, amekuja kumtazama Waziri. Hakushika mbavu wala meno. Alimpandisha kilima nyuma ya nyumba, akasimama akisikiliza pumzi. Nikauliza kwa nini.
"Mama, kuteremka wote wanateremka vizuri. Mimi naangalia akipanda."
Amesema atarudi na bei.
Nikamwambia Mutiso nitakubali siku pikipiki itapandishwa hivyo hivyo, na mzigo juu.
"Dada, wewe hata kadi ya harusi unaishuku."
Ni kweli. Na ile harusi haikufanyika.

Jumapili, 11 Oktoba
Muuzaji amekubali tuijaribu. Haraka mno. Imelala kwangu ikichaji, mita ya stima inazunguka kama imefukuzwa. Asije mtu akasema haikushiba.

Jumatatu, 12 Oktoba
Mutiso alifika Kangundo na mayai yote. Akanipigia simu kunicheka. Nilishona kola kinyume.
Alasiri akapiga tena. Hakucheka. Imezimika kwenye mlima, kabla kidogo ya kufika nyumbani. "Njoo na kamba."
Nimeenda na kamba. Waziri alikuja nayo. Ameivuta pikipiki mpaka kwetu Mumbuni, Mutiso ameshika usukani, sura ya mtu anayeendesha. Wenye maduka walitoka nje kutazama. Sikusema kitu. Nilisema kidogo.

Jumanne, 13 Oktoba
Mutiso ameirudisha. Muuzaji anasema pikipiki ni nzima, shida ni mlima. Mutiso hajaja kunisalimia.

Jumatano, 21 Oktoba
Mvua ilinyesha usiku. Tumelima tangu asubuhi, mimi mbele nikiongoza, Mutiso nyuma kwenye plau. Ameanza kunitania tena.
Pale shamba linapopanda, Waziri alisimama. Nikaweka sikio karibu na shingo yake, nikasikiliza pumzi: fupi, inakwaruza.
Abdi hakurudi na bei.
Mutiso akauliza kuna nini. Nikasema kamba imelegea. Tukangoja, halafu tukamaliza mstari, polepole.