Kijungu Ambacho Sikukifunua

Tate, baba yangu,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu najua usingesoma mstari wa pili bila hiyo. Hapa kwetu Malindi, ya milima ya Lushoto, ukungu umeshuka tangu juzi, nguo hazikauki, na mama anasema baridi ya mwaka huu ina roho mbaya. Nimekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha. Nimekisogeza kidogo, maana pale ulipokiweka wewe panavuja.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, na siku ya mazishi niliwaacha watu waseme lingine. Walisema umechukuliwa na kisukari. Mchungaji alisema hivyo, majirani wakaitikia, na mimi nikiwa nimekaa pale mbele na khanga yangu nikaitikia pia.

Nianze na mti. Nilikuwa darasa la nne uliponipeleka msituni mara ya kwanza kuchukua gome la kutibu figo. "Usizungushe," uliniambia. "Ukiuzungushia panga umeua." Ulimenya vipande viwili tu, upana wa kiganja, kimoja upande wa jua kuchomoza na kingine upande wa kuzama, kisha ukapaka udongo mbichi pale palipobaki peupe kama goti lililochubuka. Ukaninusisha gome, likanichoma puani, nikapiga chafya tatu mfululizo. Ulicheka hadi ukakaa chini kwenye majani yenye umande. Jina la mti huo silitaji hapa, watu wameshaumenya vya kutosha.

Wakati wa kurudi ulinifundisha na yale mengine. Mtu anayejichemshia dawa haulizwi anakunywa nini, na mwenyewe hasemi mpaka apone, kwa sababu dawa ikitajwa kabla haijamaliza kazi inalegea. Ukikuta kijungu chake kimewekwa pembeni ya mafiga, unapita kana kwamba hujakiona. Wewe mzee wa kanisa, mwenye kitabu cha nyimbo kilichochakaa kwa kushikwa, hilo hukuliacha. Mama alikuwa akikutania kwamba Jumapili ni Mlutheri na Jumatatu ni babu yako.

Basi nilipopata nafasi ya kufanya utafiti wa mimea chuoni, sikuhangaika kutafuta nianze na gome lipi. Ulilikata mwenyewe, ukalianika kivulini, ukateremka nalo hadi Mombo kwenye gunia la viazi, ukalipakia kwenye basi na kumdanganya kondakta kuwa ni mboga kavu. Maabara tulilisaga, tukalichemsha, tukalichuja, tukawanywesha panya. Baada ya siku kadhaa tukawapa sumu inayoharibu figo, wao pamoja na wenzao ambao hawakuonja gome. Nilipochungulia vipande vya figo kwenye hadubini, vya wale wenzao vilikuwa vimeharibika vibaya, na vya panya wako vilikuwa karibu vizima. Nilikupigia simu nikiwa bado nimevaa glavu.

"Kwa hiyo babu hakuwa mwongo," ulisema. Kisha nikasikia unapenga kamasi.

Krismasi ile nilikuletea ukurasa mmoja wa Kiswahili, herufi kubwa kwa ajili ya macho yako. Ukurasa ulisema kwamba gome lako lina kemikali zinazolinda figo. Haukusema kwamba hao walikuwa panya wazima, waliopewa gome kabla ya sumu, kwa kipimo, kwa siku chache. Haukusema kwamba figo iliyokwisha kuumia ni habari nyingine, wala kwamba hatujui mtu akilinywa kwa miezi linamfanya nini. Hayo nilikuwa nimeyaandika, Tate. Niliyafuta kabla ya kuchapa. Ulikuwa na kisukari cha miaka mingi, kliniki walishakuonya kuhusu figo, na mimi bado niliyafuta, kwa sababu nilitaka usome kitu cha kukufurahisha tu. Ukaukunja ukurasa ndani ya kitabu cha nyimbo na kuwasomea wazee wenzako baada ya ibada, ukisimama kila mara ilipotajwa figo.

Nilirudi Pasaka. Nilikiona kijungu kabla sijaweka begi chini. Kilikuwa pembeni ya mafiga, kimefunikwa kwa sahani ya bati, na harufu yake ikanitoa chafya kama utotoni. Wewe ulikuwa umekaa nje, miguu imevimba, na mabuti yako ya mvua umeyapasua kwa kisu kwenye shingo ili yaingie. Mama alisema unakwenda kliniki kila mwezi na vidonge unaleta. Nililishika hilo kwa mikono miwili. Mimi niliyekesha miaka na figo za panya nilitazama miguu ya baba yangu nikajiambia ni uzee.

Nilikaa siku nne. Kila asubuhi nilichota maji ya chai hatua moja kutoka kile kijungu, nikapita. Mgonjwa mwingine yeyote ningemuuliza anakunywa nini, tangu lini, kiasi gani, na vidonge vyake viko wapi. Wewe sikukuuliza, kwa sababu ulinilea vizuri. Nikaondoka na plamu ulizonichumia, nikazila zote kabla ya kufika Mombo.

Masika ilipoisha mama alipiga simu. Nilikukuta hospitali ya Lushoto, uso umejaa, pumzi fupi. Daktari alisema figo zimechoka kabisa na unahitaji mashine ya kusafisha damu, ambayo wao hawana. Wakatupa gari kuteremka hadi hospitali yenye mashine. Kwenye zile kona ukanishika mkono wa sweta.

"Kikombe asubuhi, kikombe jioni," ulisema. "Tangu Krismasi. Vidonge niliviacha, visije vikachanganyika na gome. Andika."

"Tate, pumzika."

"Andika, mwanangu. Panya hawawezi kusema wanavyojisikia. Mimi naweza."

Nilijua maana ya wewe kuitaja dawa. Hukuwa umepona. Ilikuwa inakushinda, na ulikuwa unaniachia kazi. Nikatoa kalamu nikaandika mgongoni mwa barua ya rufaa, gari likiturusha huku na huku: mdomo mchungu kama chuma, kichefuchefu, mkojo kidogo, mwasho usiku. Uliniuliza kama nimeandika mwasho. Nikasema nimeandika. Ulifariki kabla hatujafika Mombo.

Vidonge nilivikuta mwenyewe baada ya mazishi, ndani ya mfuko unaoning'inia pamoja na panga lako. Kila mwezi ulikwenda kuvichukua ili mama asigombe, na kila mwezi uliviweka humo, paketi juu ya paketi, bila hata kimoja kutolewa.

Makala imeshachapishwa. Ina panya, ina vipimo, ina picha za figo zilizotiwa rangi, lakini wewe hukutajwa. Mtu mmoja aliyejinywea kwa vikombe hana mahali pa kuwekwa. Wenzangu wakiniuliza nasema siwezi kujua kama ni gome, au ni kuacha vidonge, au ni ugonjwa wenyewe, na kitaalamu hiyo ni kweli. Lakini mimi ni binti yako, na najua kwamba ungeendelea kumeza vidonge kama ukurasa ule ungekuwa na mistari mitatu zaidi. Nina hatia, Tate. Nimetafuta neno jepesi kuliko hilo, sikulipata. Na ule mti wetu, wale waliosikia ukurasa wameuzungushia panga. Nilikwenda kuutazama Jumanne, umekauka hadi juu.

Sasa sikia la leo asubuhi. Mama ana presha, hilo ulilijua. Nimeingia jikoni kuchukua moto, yeye kakaa kwenye kigoda anamenya viazi, na pembeni ya mafiga kuna kijungu kimefunikwa kwa sahani ileile ya bati. Miguu yangu ilianza kupita, Tate. Ilikuwa imeshapita. Nikarudi, nikafunua.

"Mama, hiki unakunywa nini?"

Hakuinua macho. Aliendelea kumenya, ganda likashuka refu hadi sakafuni.

"Baba yako hukumuuliza," alisema.

Mvuke ulikuwa unanipiga usoni. Nilitaka kukirudisha kifuniko, nitoke, nilie huko nje mahali ambapo hawezi kuniona. Nikasema, "Ndiyo, mama. Sikumuuliza." Halafu nikamuuliza tena.

Kanijibu. Kakasirika, kalia, kaniambia nimeiharibu dawa yake, lakini kanijibu, na vidonge vyake kavitoa chini ya godoro. Kesho nateremka naye kliniki. Barua ya rufaa yenye maneno yako nimeiweka kwenye kitabu chako cha nyimbo, juu ya ule ukurasa wangu, na chini ya ukurasa huo, palipokuwa wazi, nimeongeza ile mistari mitatu kwa kalamu.

Pumzika, Tate. Marahaba yako nitaidai tukionana.

Ni mimi binti yako, niliyekiona kijungu nikapita.