Mtoto Analala kwenye Titi Langu Kavu

Mpendwa mshauri, nisaidie mwenzio kabla sijaumbuka, maana hili nikimwambia mtu wa karibu litamfikia shemeji yangu kabla ya jioni.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili na kioo kimoja, na nyuma ya mlango nimeweka beseni kubwa nikalitandika blanketi, ndimo anamolala mtoto wa marehemu dada yangu, ana miezi minne sasa, nilimchukua wiki ile ile ya mazishi kwa sababu baba yake, ndiye huyo shemeji, ni dereva wa lori na hakai nyumbani, na mimi ndoa yangu ilivunjika bila kujaliwa mtoto, kwa hiyo siku ile nilimpokea nikiwa nalia vilio viwili kwa pamoja.

Anakunywa maziwa ya kopo. Lakini mshauri, wateja wangu wengi wana watoto wachanga, mtu namsuka huku ananyonyesha, mtoto kamshika kidole, mikono yangu iko kichwani kwake na macho yangu yako kifuani, mpaka nakosea mistari. Natamani mpaka kifua kinaniuma, sijui kama unanielewa. Siku moja mwanangu (namwita mwanangu, nisamehe) alilia sana wakati maji ya kuchanganyia maziwa hayajachemka, nikavuta pazia nikampa titi langu hivyo hivyo kavu, akalishika, akanyamaza, akalala, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kuonja raha kama ile.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu, akilia nampa, akilala najiambia ameshiba, na chupa ya mchana ikawa inarudi nyumbani kama ilivyokwenda. Juzi kliniki uzito haukupanda hata kidogo. Nesi akaniuliza, "Mama, anakula vizuri?" nikajibu, "Anakula vizuri sana," kwa sababu aliniita mama. Shemeji alipopiga simu nikamwambia habari za uzito tu, akasema kwa upole, "Shemeji, kama umechoka sema tu. Dada yangu ananyonyesha, atampokea." Hakunigombeza, na hicho ndicho kinachonitisha. Majirani nao wimbo wao ni uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikisema ukweli watanichukulia mtoto, na nikinyamaza siwezi hata kuandika kitakachotokea. Nifanyeje?

Msusi wa Nyuma ya Pazia

MSHAURI ANAJIBU

Msusi wangu,

Nilipofika pale nesi alipokuita mama niliiweka barua chini kwanza. Pole kwa kufiwa. Pole pia kwa hiyo hamu, ambayo si dhambi wala si wazimu. Majirani zako uwajibu kwa msemo mwingine: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Sasa niache nikugombeze, maana hiyo kazi yenyewe umeanza kuikwepa. Mtoto huyo halali kwa shibe, analala kwa kuchoka. Anavuta hewa, nguvu zinamwishia, anasinzia, na wewe nyuma ya pazia unajipongeza. Mteja akikaa kitini ukampapasa kichwa mpaka akalala, utamwambia amesukwa?

Rudi kliniki kesho, usingoje tarehe, na umwambie nesi yote, titi na uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeficha ni wewe lakini anayeumwa njaa ni yeye. Nesi amesikia makubwa kuliko hayo.

Maziwa ya kopo yachanganye kwa kipimo kilichoandikwa, kwa maji yaliyochemka, usipunguze ili yakae siku nyingi. Hiyo chupa inayoshinda saluni na kurudi nyumbani imejaa, mwaga, usimpe tena. Uji bado, hata bibi nani akikushauri. Chupa kwanza, ashibe, umcheulishe, ndipo umlaze kifuani mpaka uridhike. Kifua chako hakina kosa, kosa ni kukifanya chakula. Na usije ukamwazimia mtoto titi la mteja, maana virusi vya UKIMWI hupitia humo. Hata dada wa shemeji apime kwanza.

Kuna jambo moja huenda hukuwahi kuambiwa. Wapo wanawake ambao hawakuzaa na maziwa yakawatoka, kwa kusaidiwa na wataalamu, mtoto akiendelea kulishwa kama kawaida. Si wote, na mara nyingi hayatoshi peke yake, kwa hiyo siahidi kitu. Muulize nesi, na uulize bila aibu.

Kisha mpigie shemeji kabla hujatoka pale kliniki. Mwambie, "Shemeji, sikuchoka, nilikosea, na nesi amenielekeza." Mtu aliyekuuliza kwa upole anastahili jibu la kweli. Huenda akakuachia mtoto, huenda akamchukua, sitakudanganya. Akimchukua utalia, halafu utapanda gari umfuate, na utamkuta amenenepa mashavu. Lakini alikokwenda dada yako hakuna gari linalofika.

Kwa hiyo kesho saluni isifunguliwe. Mpe chupa ashibe, mbebe, nenda.