Hatujambo, Ila

Mama,

Shikamoo. Mtoto uliyemlea wewe hawezi kuanza na neno lingine, hata kama wa kuitikia hayupo.

Arobaini yako imepita. Baba ameniambia hitima ilisomwa vizuri, watu walikula wakashiba, na shangazi alilia kuliko wote kama kawaida yake. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini huku ughaibuni, mtaa wa Oud Metha, nimejifunga mtandio mweusi, nachapa maneno ya daktari wa meno kuhusu fizi za watu. Likizo niliomba. Madam, msimamizi wetu, akasema inshallah, na inshallah ya ofisini kwetu, Mama, maana yake kaa chini.

Sikuja kukuzika. Neno hili naliandika mara moja ili lisinikabe tena.

Sasa nikueleze habari ya hedifoni, na usinicheke. Kazi yangu unaijua: madaktari wanajirekodi, mimi nasikiliza na kuchapa. Tumehamishiwa chumba kimoja kikubwa kisicho na kuta, kimya kiasi kwamba mtu akimeza mate anajiuliza kama amesikika. Hedifoni zangu za zamani zikawa zinavujisha sauti, ofisi nzima inasikia habari za fizi. Mercy, Mkenya wa Eldoret anayekaa meza ya pili, aliniinamia akaninong'oneza, "Bana, hizo hedifoni zako zinatuchoma. Madam anaangalia hii side." Kweli, Madam akaniita. Ninunue za maana kabla ya wiki kuisha, la sivyo nitapelekwa mapokezi. Mapokezi ni kutabasamu kutwa, na mimi kutabasamu kwa sasa sijui naanzia wapi.

Basi baada ya kazi Mercy akanipeleka duka moja mtaa wa Al Garhoud. Kumbe kuchagua hedifoni ni kama kuchagua khanga, unaambiwa zote zimekupendeza. Kuna za wazi, nyepesi, zinapitisha hewa, lakini zinavujisha kuliko hata zangu. Kuna ndogo za kuchomeka sikioni, hizo mtandio unazisukuma mpaka zinadondokea shingoni. Halafu kuna zinazofunika sikio lote, zina kitufe cha kuua kelele za nje, nazo zinabana na kukutoa jasho. Muuzaji, Mhindi mmoja mpole wa makamo, alinishauri nisizipime kwa muziki wa dukani. Nitafute sauti ninayoijua vizuri, nizijaribu zote kwa sauti hiyo hiyo.

Sauti ninayoijua vizuri. Mama, ningechagua ipi?

Nilifungua ujumbe wako wa mwisho wa sauti. "Marahaba mwanangu. Salamu zako nimezipata. Ule vizuri, usishindie chai. Sisi huku hatujambo." Kisha mkwaruzo kidogo, basi. Niliupenda ujumbe ule kwa sababu haukuwa na ila. Maana hatujambo yako wewe hakuna aliyeiamini. Hatujambo, ila kuku wameibiwa. Hatujambo, ila baba yako ana homa. Hatujambo, ila mjomba wenu hatunaye tena. Sote tumefundishwa hivyo, unajibu salamu kwa adabu kwanza, taabu inafuata nyuma, lakini wewe ulikuwa bingwa. Baba alikuwa akitutania, "Msiondoke, ila yake haijafika." Kwa hiyo ujumbe ulipokuja bila ila, nilifurahi. Nikamwambia Mercy kwamba nyumbani safari hii mambo yametulia. Wiki iliyofuata ukafariki, na wote wakaniambia ulianguka ghafla, hata mwenyewe hukujua unaumwa.

Kwenye zile za wazi ulisikika kama siku zote. Nikavaa zinazofunika, nikabonyeza kitufe, duka likapotea. Mercy alikuwa anasema kitu, nikaona midomo tu. Ukaja wewe. Nikasikia pumzi zako, fupi, za mtu aliyepanda mlima. Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia "hatujambo", na pale penye mkwaruzo nikasikia "il". Nusu ya neno, halafu likakatwa.

Nikarudia. Lilikuwepo.

Muuzaji aliniuliza kama sauti ni mbaya. Nikamwambia ni nzuri kupita kiasi. Nikakaa juu ya boksi la spika katikati ya duka na kulia kilio ambacho siku nilipopata habari kilikataa kuja. Mercy alinishika mabega akasema, "Lia tu, dada. Khalas, lia."

Kwa hiyo ulijua. Nilikukasirikia, Mama. Siku nzima nilikukasirikia, kwamba uliniachia adabu ukaninyima habari.

Hedifoni hizo ndizo nilizonunua. Siku ya mapumziko nikazivaa, nikampigia Baba. Akaniuliza hali. Kila mara namjibu sijambo, tunazungumzia mvua, tunaagana. Safari hii nikamwambia, "Sijambo, Baba, ila nimeisikia ila ya Mama." Nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkono wake haukuwa na nguvu ya kushikilia kitufe cha kurekodi. Mimi ndiye niliyembonyezea. Kidole kilikuwa changu, mwanangu. Nikaona anataka kukuambia, nikaachia kitufe kabla hajamaliza neno."

Alisema aliniogopea. Niko mbali, likizo sina, angenitwisha mzigo ambao sina pa kuutua. Alidhani utapata nafuu kidogo, mniambie pamoja. Hujawahi kumsikia mzee yule akilia, na mimi pia nilikuwa sijawahi. Kwa hedifoni hizi hakikunipita kitu.

Nilitaka kumlaumu nikashindwa. Nikamwambia hata mimi ningeachia. Sijui kama ni kweli, lakini nilimwambia.

Na wewe nisamehe kwa ile hasira. Haikuwa yako.

Siku hizi tunapigiana kila nikitoka kazini, na hatuagani mpaka kila mmoja amesema ila yake. Ila yake ya jana ilikuwa kwamba anaunguza wali kila anapoupika. Yangu ilikuwa kwamba nikitembea barabarani nasikia mtu anaita jina langu, Saumu, nageuka, hakuna.

Mungu akurehemu, Mama, akupanulie kaburi lako. Nakuahidi nitakuja, hata kama itanibidi kuiacha kazi hii. Nitakuja na Baba, tusimame kando yako. Nitakusalimia, nitakuambia sisi hatujambo, ila. Halafu mimi nitanyamaza, yeye amalizie.

Mwanao,
Saumu