Kinyago cha Kimulimuli

Kwa kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa kitako, maana leo nina maneno mengi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule mwanangu wa maswali, bado anauliza kwa nini mvua hainyeshi ndani ya nyumba? Sisi huku ni wazima. Mimi kiuno kinanisumbua kwa kusimama saluni kutwa nzima, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote, kama unavyonijua. Baba yupo, anakula, anagombana na redio. Habari zake kamili zipo mbele, na nakuomba usirukie mwisho wa barua kama ulivyokuwa ukifanya na magazeti ya katuni.

Kifurushi bila shaka umekifungua kwanza, sikulaumu. Mara ya mwisho tulipoongea ulinipa mambo mawili. La kwanza, ulitaka kinyago cha Kimulimuli, yule shujaa wetu wa katuni, kama kile cha zamani, ila cha kukutosha sasa, kwa kuwa binti yako amekataa katakata kuamini kwamba baba yake aliwahi kuwa shujaa. La pili uliliuliza kwa sauti ya mtu aliyeumia: Baba ana kinyongo gani nawe, hata kila ukipiga simu ya video anakataa kuonekana, anakujibu maneno mawili kutoka pembeni kisha ananirudishia simu? Ulisema labda hajakusamehe bado kwa kukikataa kibanda chake cha viatu ukaenda kusomea kompyuta. Sikukujibu palepale kwa sababu kuta za nyumba hii unazijua, na masikio ya Baba ni ya kijana wa miaka ishirini. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na kinyago. Unakikumbuka kile cha kwanza? Mimi nakikumbuka kuliko unavyodhani, maana nilikuwa nakililia. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitusomea Kimulimuli huku anachambua mchele, na akifika mahali pa kupigana anaweka ungo chini ili apate mikono yote miwili ya kuonyesha ngumi? Wewe ukawa huli, hulali, unataka kinyago. Baba akasema yeye ni fundi viatu, si fundi nyuso, na asisikie tena habari hiyo. Kesho yake akarudi nacho kwenye mfuko. Ngozi nyeusi ya kiatu ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua, macho yamezungushiwa ngozi ya manjano, na pembe mbili za mdudu zimesimama juu ya paji la uso. Kilinuka gundi na dawa ya viatu. Mama akakata pazia la sebuleni akakushonea joho, kisha akakugombeza wewe kwa kuharibu pazia. Ulitoka mbio barabarani ukagonga mkokoteni wa muuza maji, na hata wakati goti lako linapakwa dawa uligoma kukivua. Mimi nilikuwa raia anayeokolewa. Siku zote raia! Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Kile chenyewe kililiwa na panya tulipohama, kwa hiyo cha kuigia sikuwa nacho ila kichwa changu tu. Lakini kiherehere unakijua. Nikajiambia kazi ndogo hii nitaimaliza mwenyewe. Nikachukua sponji la godoro kuukuu, nikalipaka gundi na kulibandika juu ya kile kichwa cha plastiki ninachowekea mawigi, nikaliwashia mashine ya kukaushia nywele ili lishike umbo. Wateja wangu wakaacha kusukwa wakawa wanatazama sinema ya bure. Lilipokauka nikalipaka rangi nyeusi, nikajivalisha mbele ya kioo kikubwa. Wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kutafuta hewa. Lile dude lilikuwa limeninyonga pua! Nilisahau kwamba kile kichwa kimetengenezwa kwa ajili ya wigi tu, kina kapua kadogo kama ka mwanasesere, na sisi kwetu pua hatukupunjwa.

Nilirudi nalo nyumbani nikamsimulia Baba nikiwa sebuleni, yeye yumo chumbani kwake. Nikasikia kicheko. Kaka, cheko lile la zamani, lile la kukohoa katikati. Sikuwa nimelisikia tangu mwaka jana. Akaniuliza kutoka ndani nilitumia kalibu gani ya kupatia umbo, nami nikamwambia kichwa cha mawigi, akacheka upya. Akasema kiatu hushonwa kwa kalibu ya mguu wa mwenyewe, basi na kinyago kinataka uso wa mwenyewe, na kama mwenyewe yuko mbali, itafutwe pua ya ndugu yake. Akaagiza nifungue boksi lake la vifaa, nichague ngozi laini isiyo na mikunjo, niiloweke kwenye maji ya vuguvugu hadi iwe kama kitambaa kilichofuliwa. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa kalibu.

Basi nikalala chali kwenye mkeka chumbani kwake, mchana kweupe, nimejipaka mafuta uso mzima. Baba akanitandikia ngozi iliyolowa maji kuanzia kwenye paji hadi juu ya mdomo, akaanza kuikandamiza kwa vidole gumba, pembeni mwa pua, chini ya nyusi, kwenye mashavu, taratibu kama anavyokanda ngozi kwenye kisigino. Aliniamuru nisiongee, nisicheke, nisikunje shavu hadi ngozi ishike. Fikiria, mimi, kunyamaza! Lakini vile vidole vilinirudisha mbali. Nilikuwa mtoto tena, nimekaa kwenye debe pale kibandani, naye ananifunga kamba za viatu vya shule. Machozi yakanitoka chini ya ngozi, na nadhani aliyaona yakitiririka masikioni, maana vidole vilipunguza nguvu.

Kisha akaanza kusema. Sasa kaka, hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Mwaka jana tulipokuambia Baba ameng'olewa jino, halikuwa jino. Ulikuwa ni uvimbe ndani ya shavu la kushoto, wakampasua na kuutoa pamoja na kipande cha taya. Daktari anasema umeondoka wote, na kila tunaporudi kupimwa anasema hivyohivyo, kwa hiyo tuliza roho. Lakini shavu limebonyea, mdomo umevutwa upande mmoja, na jicho lile halifumbi sawasawa. Baba alinikataza kukwambia. Alikifunga kibanda, akaniambia nigeuze kioo cha sebuleni kitazame ukuta, na tangu siku hiyo hatoki chumbani bila kitambaa kilichozungushwa usoni, hata akija kula na mimi. Mlango wa nje hakuwa ameuvuka ila kwenda hospitali.

Siku ile kitambaa alikivua, kwa kuwa mimi nilikuwa nimefunikwa macho na sioni kitu. Nilijua kwa sauti yake, ilikuwa haipiti kwenye nguo. Akasema hana kinyongo nawe hata chembe. Akasema kibanda kile alijua siku nyingi kwamba si chako, na siku ulipopata kazi alifunga mapema akanunua soda akainywa peke yake kwa furaha. Anachoogopa ni kitu kimoja tu. Siku aliyotoka hospitali, mwanamke mmoja aliyekaa naye kwenye benchi alimtazama, kisha akageuza uso haraka, akahama kiti. Akasema wa pembeni akigeuka atavumilia, lakini wewe ukigeuza macho, hata kwa kufumba na kufumbua, hilo hataliweza. Bora udhani amekasirika. Nami nililala pale na midomo imefungwa kwa amri, nataka kumjibu siwezi, na ngozi inakauka.

Alipokibandua kinyago, kitambaa kilikuwa kimesharudi mahali pake. Tukakata macho, tukazungushia manjano, tukashona pembe, tukakisugua dawa ya viatu mpaka kikang'aa. Akasema lazima kijaribiwe na mtu mwenye pua ya ukoo asiyekuwa kalibu yenyewe, akaenda kugeukia ukuta, akavua kitambaa, akakivaa. Kaka, wallahi kilimkaa! Akapita sebuleni. Akafika mlangoni, akasimama. Mimi nikajifanya nafagia, roho iko juujuu. Akatoka.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi saa, tunamwita Dakika, mtu wa maneno kuliko mimi. Alimtambua Baba kwa mwendo wake, licha ya pembe na yote. Badala ya kushangaa alianza kufoka: yuko wapi fundi huyu aliyemshonea soli ya kiatu ikafumuka, kisha akafunga kibanda na kutokomea? Akaja na kiatu mkononi kama ushahidi. Baba, unamjua ukiigusa kazi yake, akapandwa na mori. Akasema soli yake haifumuki mpaka mtu aitembeze kwenye maji. Mwenzake akaapa hajakanyaga maji. Baba akakinyakua kiatu akague mshono, na matundu ya Kimulimuli ni membamba, haoni vizuri. Basi akakipandisha kinyago juu ya paji ili achunguze soli. Hakukumbuka kabisa.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Nilimwona Dakika akimwona. Maneno yalimkatika. Kisha akainamisha kichwa karibu na cha Baba, akaweka kidole kwenye uzi na kusema kwamba hapo, hapohapo, aangalie mwenyewe, huo ni uzi mbovu. Wakaendelea kubishana, uso wa Baba uko wazi juani, hadi wapita njia wakaanza kuchagua upande.

Baba alipogundua, mkono ulimwenda shavuni. Akausimamisha hapo muda kidogo, kisha akaniagiza nimletee sindano na uzi wa nta. Alikaa kizingitini akaishona ile soli mbele ya watu, huku Dakika amesimama juu yake anakosoa kila tundu. Kinyago kilikuwa kando yake kwenye ngazi. Kitambaa hakukivaa jioni ile tulipokula, nami nikamwongezea mchuzi.

Asubuhi nilimkuta anakifunga kinyago kwenye karatasi. Nikamwambia abaki nacho, nitakutengenezea kingine, akanijibu kwamba Kimulimuli anasubiriwa na mtoto, na yeye ana kibanda cha kufagia. Kwa hiyo kinyago unacho wewe sasa.

Piga simu ya video siku utakayomaliza kusoma. Atapokea mwenyewe, ameniahidi, ingawa nilimwona anavyogusa shavu akiahidi. Atayatazama macho yako kabla hajasema lolote. Nakuomba, kaka, usilie na usimpe pole. Mtazame uso wote, upande ule pia, na kama maneno yatakukatika, mlaumu kwamba pembe moja imekaa upande. Atakuwa na mengi ya kukujibu.

Nisalimie wifi, na mwanangu wa maswali umwambie shangazi yake alikuwa raia. Dakika anakusalimu ingawa hakujui. Nilimuuliza Baba kama nimwandikie salamu zake humu. Alifikiri kidogo, akasema niache, hizo atakupa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere.