Duara la Kijani Katikati ya Miwa

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Awendo hatujambo, na goti la babu yako limepona. Asante kwa ramani uliyochora kwa kompyuta kutokana na picha za angani. Umeniuliza kama hilo duara la kijani katikati ya miwa uliandike kichaka.

Hapo palikuwa boma la babu yangu, na duara ni ua wake wa ojuok, ile minyaa ya kuzungushia boma. Alipofariki, wanawe walihama kujenga maboma yao, kama ilivyo desturi yetu. Nikiwa msichana, mama alizoea kunituma huko kuchuma mboga. Nilimwuliza mbona za pale hunawiri kuliko zetu. Akasema, "Ng'ombe wa baba mkwe walilala pale, wakaacha samadi. Bado wanatulisha."

Sikuwahi kuliona boma lile zima mpaka uliponionyesha kutoka juu. Nakushukuru sana. Usiandike kichaka. Andika boma, ng'ombe bado wamo.

Nyanya yako